Jembe la Kwanza

Kom Rihani, tarehe 11 Mfunguo Nne, mwaka 750 wa Hijra

Kwa mdogo wangu Badrani, mwana wa Mwalimu Abdulwarithi, popote barua hii itakapomkuta katika mji wa Kairo.

Salamu nyingi zikufikie wewe, na mkeo Warda, na mwanenu Harithi. Mimi dada yako Sitita nipo, nakula, nalala, na ulimi wangu ungali mkali kama ulivyouacha. Huyu mwenye punda ni mtu wa kwanza kupita hapa akielekea Kairo tangu baridi ianze. Nimemziba mdomo kwa jibini na vitunguu ili anisubiri nimalize kuandika, naye anakula taratibu kwa makusudi.

Badrani, kama umesimama, keti kwanza. Baba ametangulia mbele ya haki. Ilikuwa Mfunguo Mosi, ugonjwa ulipokuwa umekolea. Uvimbe ulimtoka kwapani Jumanne, na Ijumaa hatukuwa naye. Hakuteseka sana. Nakuambia hivyo, nawe pokea hivyo. Alisaliwa, akazikwa vizuri. Sikuweza kukuletea habari kwa sababu waliokwenda Kairo hawakurudi, na waliotoka huko tuliwafukuza kwa mawe, Mungu atusamehe.

Kijiji hukijui tena. Wanaume waliobaki wanaenea sinia mbili za chakula, na ya pili haijai. Chuo cha baba kina nyuki. Ngano iliiva ikakosa wa kuikata, mpaka wiki iliyopita askari wa amiri wakaja wenyewe na vilemba vyao, wakawa wanapita mlango hadi mlango wakiita, "Nani atavuna kwa nusu? Nani atavuna kwa nusu?" Watu waliozoea kuja kuchukua, sasa wanaomba! Hakuna aliyewaitikia maana hakuna aliyekuwapo. Mwisho wakashuka kwenye farasi wakashika mundu, na mmoja akajikata goti. Mzee Jirjisi, jirani yetu Mkopti, alikuwa amekaa juu ya gogo akiwatazama. Akaniambia, "Sitita binti yangu, maisha yangu yote nimemwomba Yesu anionyeshe askari akivuna. Sasa kanionyesha, na sina hata wa kucheka naye."

Sasa neno lenyewe. Tuta kubwa linalozunguka bonde limebomoka, na hakuna aliyeligusa mwaka mzima. Likibaki hivi, mto ukijaa maji yatapita bondeni yakakimbia zake, ardhi haitakunywa, na hatutapanda kitu. Na desturi unaijua: kila nyumba itoe mtu wa kujenga tuta, na nyumba isiyotoa mtu haina fungu la ardhi. Tena nyumba yetu si nyumba yoyote tu. Mlango wa maji uko mwisho wa shamba la baba, na jembe la kwanza la kuufungua ni letu tangu babu wa babu. Mwanamume aliyebaki katika nyumba hii ni wewe. Njoo, Badrani, njoo kabla mto haujapanda. Mlete Warda na mtoto. Nyumba ziko tele, mtachagua wenyewe.

Ni mimi dada yako, Sitita.


Kairo, tarehe 20 Mfunguo Tano, 750

Kwa dada yangu Sitita, ambaye kwangu sasa ni dada na ni baba. Mungu akuzidishie umri.

Barua yako niliisoma nimesimama sokoni. Uliniambia niketi nami sikukusikia, na nilipofika pale nikaegemea mlango wa watu mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kama nami nimepatwa. Mungu amrehemu baba. Nimemlilia kwa siku tatu, nikimaliza naanza tena.

Habari za huku usitake kuzijua zote. Karakana ya bwana wangu wa kitani imefungwa. Mafundi wengi wamekufa, na waliobaki hawaitaki tena kazi ile. Nami nimeacha kufuma. Sasa ni mwosha maiti, na nikipata nafasi nasoma kwenye mazishi. Usikunje uso. Mshona viatu, mchoma matofali, muuza mafuta, wote wamegeuka wasomaji, kwa kuwa anayesoma mbele ya jeneza anapata kwa siku moja zaidi ya alichopata fundi kwa wiki. Bwana wangu wa zamani, yule aliyekuwa hanitazami usoni, juzi alinifuata mpaka kwangu. "Badrani mwanangu," ananiambia, "rudi kazini, utaje ujira wako mwenyewe." Mwanangu! Nilimwambia nitafikiri. Mchukuzi wa maji naye anaringa kama waziri, na wavaa hariri wanabeba mitungi yao wenyewe. Maiti wamepungua sasa, lakini kazi ingalipo.

Kwa hiyo kuja siwezi. Njoo wewe huku. Mtaani kwetu milango imeachwa wazi na hakuna wa kuifunga. Kwangu ni kimya, utapata nafasi.

Kuna jambo moja nataka unijibu. Umeandika kwamba baba alizikwa vizuri. Je, yuko ubavuni mwa mama, kule kwenye kilima cha makaburi ng'ambo ya bonde, kama alivyousia? Nataka nijue, ili nikisoma niuelekeze moyo wangu pale.

Nduguyo, Badrani.


Kom Rihani, tarehe 3 Mfunguo Saba, 750

Kwa mheshimiwa msomaji wa mazishi, Badrani, aliyekuwa akichapwa fimbo na baba kwa kuruka aya.

Salamu zako zimefika. Nimecheka, kisha nikaona aibu kucheka. Maiti wa Kairo wana bahati mbaya mara mbili, kufa na kusomewa na wewe. Mimi sijambo. Jirjisi hajambo, kiuno tu. Mbuzi amezaa. Warda hajanitumia hata neno, wala hukuniambia kama Harithi ameanza kusoma. Mwambie shangazi yake amemwekea kondoo wa udongo, mkia wake umevunjika kidogo.

Kazi ya tuta tumeianza bila wewe. Wanawake tumeingia. Mwanzoni msimamizi wa amiri alikuja na sauti yake ile: "Tangu lini mwanamke akahesabiwa kuwa mtu wa nyumba?" Bi Taji, yule mjane wa mfinyanzi, akamwambia, "Basi ingia wewe utuhesabie." Kumbe mtu yule akavua joho kweli, akabeba udongo mpaka alasiri. Siku hizi hata msimamizi ana mikono, nasi hatukuwa tukijua.

Kuna kubwa zaidi. Watu wa Minya Safti wamekuja kutusaidia. Ndiyo, walewale wa chini yetu, ambao kila mwaka tunapigana nao kwa virungu juu ya siku ya kuwafungulia maji. Wamekuja watano na punda wao. Maji yasipokaa kwetu hayatafika kwao, na kwao wamebaki wachache kuliko sisi. Nilimtafuta yule jamaa mwenye pengo aliyekuwa akitutukania bibi zetu kutoka ng'ambo ya mfereji. Wakaniambia amekufa. Badrani, niliingia nyuma ya tuta nikamlilia yule mtukanaji kama ndugu yangu. Hayo ndiyo mambo yetu ya sasa.

Mto haujaanza kupanda. Tukimaliza tuta, itabaki kufungua mlango wa maji, na hakuna atakayeugusa kabla ya nyumba yetu. Ukiwa na siku kumi tu, njoo upige jembe moja urudi kwa maiti wako.

Mwenye punda ananiharakisha. Salamu kwa wote nyumbani, nami nawataja tena mmoja mmoja: Warda, Harithi.

Dada yako, Sitita.


Kairo, tarehe 9 Mfunguo Nane, 750

Sitita,

Salamu. Mimi mzima.

Nilikuuliza baba yuko wapi, ukanijibu habari za mbuzi. Jana nimekutana na mwenye nyumbu aliyelala Kom Rihani wakati wa mavuno. Hakujua mimi ni nani. Alikuwa akiwasimulia watu kwenye kibanda cha chakula kuhusu kijiji kimoja kilichowazika maiti wake ndani ya bonde, kwenye shamba lililo kando ya mlango wa maji, Waislamu na Makopti pamoja, matuta ya makaburi yamepangana kama ya vitunguu. Akacheka akauliza, "Sasa mto ukija watafanyaje?" Niliinuka nikaondoka, chakula kikabaki mezani.

Niambie si kweli. Kama ni kweli, niambie kwamba baba hayumo.

Na kama yumo, basi sikia. Shamba lile ni la baba, na baada yake ni langu. Jembe la kwanza ni langu. Mimi sipigi, wala simruhusu mtu apige. Hakuna atakayemmwagia baba yangu maji ya mto na tope na mizoga ya punda. Pandeni penginepo. Ombeni ngano kwa amiri. Nakukataza, Sitita, na ukilipiga jembe hilo huna ndugu.

Badrani.


Kom Rihani, tarehe 25 Mfunguo Nane, 750

Mdogo wangu Badrani, salamu ni zilezile, hata kwa aliyenikasirikia.

Ni kweli, na baba yumo. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipofika pale kalamu ilikwenda kwa mbuzi yenyewe. Sasa nitakuambia yote.

Unakumbuka njia ya kilima cha makaburi, ilivyo mwezi ule maji yakishaondoka, tope hadi magotini. Mwanzoni tuliwapeleka kule. Wabebaji wanne walikwenda na jeneza, wakarudi watatu. Kesho yake walibeba hao watatu, akaanguka mwingine palepale njiani. Ikafika siku jeneza likabaki katikati ya bonde mchana kutwa na hakuna wa kuliendea. Baba alikwenda akakaa karibu nalo peke yake, ili mbwa wasilisogelee. Jioni ile ndipo aliposema, "Mashamba ya watu yamepandwa. Langu bado, sikupata nafasi. Wazikwe kwangu."

Makopti nao kasisi wao alikuwa amekwisha kufa. Jirjisi alimleta mkewe mgongoni mpaka ukingoni mwa shamba, akasimama, hajui aingie au arudi. Baba akamwambia, "Ingia, Jirjisi. Miaka yote alikuwa akituazima chungu, leo tumnyime udongo?" Nilikuwa nimeshika taa ya baba na kitabu chake, nikasikia kwa masikio yangu.

Ilipofika zamu yake nilimkumbusha wasia. Nilimwambia, "Baba, tutakupeleka kwa mama hata nikikuburura mimi." Akanitazama, macho yalikuwa mekundu, lakini ni yeye kabisa. Akasema, "Mama yenu atanisubiri. Mbona alizoea, chakula kinapoa na mimi niko chuoni. Niweke na wanafunzi wangu." Wengi wa waliomo mle, Badrani, ni wanafunzi wake. Nilimwosha kwa maji ya mtungi. Sanda hatukuwa nayo, nikamkunja kwa lile shuka la kitani ulilomfumia ulipofuzu kazi. Yuko upande wa mashariki, nimepachika unyasi mrefu mgumu wa mtoni kichwani mwake ili nimjue.

Sasa mto umepanda. Tuta limekwisha kujengwa, si zuri, linavuja jasho mahali pengi. Jirjisi ameweka alama ya chokaa kwenye jiwe la mfereji: maji yakifika pale tusipofungua mlango, yatalivunja tuta yenyewe yapite yakimbie. Hapo tutakuwa tumekosa mwaka. Na mwaka tukiukosa, hawa tuliobaki tutatawanyika, amiri ataleta wageni, na wageni wataweka ng'ombe juu ya baba bila hata kujua.

Wamekuja kwangu watu wote, wamekaa uani. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bi Taji ana watoto wake wote mle. Alisema tu, "Mwambie Badrani tunamsubiri." Basi nami nakuambia. Tunakusubiri mpaka alama ya chokaa. Tuma neno moja tu, ndiyo, au uje nalo mwenyewe. Mimi sitaki kulipiga bila wewe.

Na jambo jingine. Barua mbili nimekutajia Warda na Harithi, nawe hujawataja hata mara moja. Siulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Dada yako, Sitita.


Kairo, tarehe 7 Mfunguo Tisa, 750

Kwa dada yangu Sitita, salamu za mtu aliyetulia baada ya kufanya makelele.

Umeona. Nilijua utaona, hukosi kitu wewe.

Warda alianza kutema damu mwezi wa Ramadhani, na Harithi siku ileile. Walikwenda pamoja kabla ya adhuhuri, mtoto akiwa amemshika mama yake kidole. Nilitoka kutafuta jeneza. Nilizunguka mtaa wetu, nikaenda wa pili na wa tatu, majeneza hakuna, watu wanabebwa kwa mbao za maduka na milango iliyong'olewa. Niliporudi na ubao begani, nyumba ilikuwa tupu. Waliokuwa wakikusanya maiti walipita, wakaona mlango wazi, wakawachukua. Nilikimbia mpaka makaburini. Yalikuwa mahandaki marefu, watu wamelazwa kwa safu, wengine tayari wamefunikwa. Nilimshika mchimbaji mmoja nikamwuliza. Hakunikaripia. Aliniambia kwa upole tu, "Kijana, mimi nitajuaje wa kwako?"

Sitita, sikuacha kufuma kwa ajili ya ujira. Nilikuandikia hivyo kwa kuwa ndivyo ninavyowaambia watu. Nilikwenda kuosha kwa sababu kila mtoto nikimwosha najiambia, huenda na wangu kuna mtu alimwosha. Nawaosha taratibu, mpaka wenzangu wananigombeza.

Basi usinishangae nilivyokuandikia. Nilikuwa na kaburi moja tu duniani nililodhani nalijua, nawe ukaniambia linangoja maji.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Namsikia baba akisema maneno yale ya chakula kupoa, ni yeye kabisa. Kwa hiyo nasema ndiyo, mlango ufunguliwe. Lakini nisubiri. Nataka nisimame pale kwenye unyasi wako, nimsalimie baba, kisha nilipige jembe kwa mkono wangu. Nimekwisha kulinunua, jembe jipya. Mashua ya kushuka nayo ni shida, wenye mashua wamekufa na waliobaki wanachagua abiria kama wachumba, lakini nimeahidiwa moja baada ya Ijumaa. Naituma barua hii itangulie. Nisubiri, dada. Nilichelewa kwa wawili. Nisichelewe kwa baba.

Nduguyo, Badrani.


Kom Rihani, tarehe 13 Mfunguo Tisa, 750

Badrani,

Salamu. Sijapata jibu lako na sikuweza kungoja tena.

Maji yalifika alama ya chokaa juzi, yakaipita jana. Usiku kucha tuliziba mashimo ya tuta kwa udongo na majani na nguo zetu za kuvaa. Leo alfajiri Jirjisi akaja akasema, "Binti yangu, sasa ni sisi au mto, mmoja atafungua." Nikamwambia desturi haimjui mwanamke. Akanijibu, "Desturi imezikwa humo nayo. Twende."

Watu wote walikuwa wamesimama kuzunguka shamba. Sisi tulisoma yetu, Makopti wakaimba yao, hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti. Kila mtu aliingia akagusa kaburi la mtu wake, akatoka. Mimi nilikwenda kwenye unyasi nikamwambia baba, "Badrani hajafika. Nimesubiri mpaka mwisho." Kisha nikashika jembe lake lile la zamani, nikapiga. Nikapiga tena. Ndipo wengine wakashika.

Maji hayakuja kwa kishindo kama miaka yote. Yaliingia polepole, mekundu, yakatafuta njia katikati ya makaburi kama mtu asiyetaka kuamsha wenyeji. Bi Taji alipoona yanafika kwa wanawe akapiga kelele, "Amkeni, wanangu! Sogeeni, maji yanakuja!" Msimamizi wa amiri alikaa chini kwenye tope akajifunika uso kwa kilemba.

Unyasi wa baba ulionekana mpaka jua lilipokaza, kisha sikuuona tena.

Ulisema nikilipiga sina ndugu. Nimelipiga. Kama ni laana, iwe yangu, usiwaingize hawa watu. Lakini uniandikie, Badrani, hata uwe unanitukana.

Sitita.


Kom Rihani, tarehe 10 Mfunguo Mosi, 750

Kwa mdogo wangu Badrani. Salamu za sikukuu iliyopita, na Mungu aikubali saumu yako. Mimi nipo. Jirjisi kiuno kilekile. Bi Taji ameolewa na yule msimamizi wa amiri. Usicheke, hata mimi nilicheka peke yangu siku mbili. Anamtuma kuchota maji, naye anakwenda.

Rajabu, Shaabani na Ramadhani zimepita, hukuandika. Barua yako ya tarehe saba ilinifikia bonde likiwa limejaa. Mashua iliyoileta ilikwama juu huko kwa kukosa wa kupiga kasia. Niliisomea juu ya tuta, maji yakiwa hapa miguuni pangu. Nimesoma habari za Warda na Harithi. Nimesoma na yale maneno ya kunitaka nisubiri. Sitayaandika tena, nawe usiyaandike, yamekwisha kukaa mahali pake na hayatoki.

Nilikuwa nikikutazamia kila mashua. Mpaka siku moja mpiga kasia mmoja akaniuliza kama yule mgeni wa Kairo alifika salama alikokuwa akienda. "Mgeni gani?" Akasema walimshusha mtu kwenye tuta, kijana mwembamba, ana jembe jipya begani. Alisimama akitazama maji. Wao walishusha chumvi, wakala, wakapumzika, naye amesimama palepale. Walipokuwa wanaondoka akapanda tena mashua, wakarudi naye. Nikamwuliza, "Na jembe?" Akasema hakumbuki kuliona tena.

Nilikwenda na mtumbwi wa mafunjo wa Jirjisi, nikazunguka tuta lote. Nikalikuta limesimikwa kwenye udongo karibu na mlango wa maji, mpini umepauka kwa jua. Badrani, kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa kumaliza zabibu mkononi. Ungekuja. Ungenipiga, ungenitukana, kisha ningekupikia mlenda na tungelia vizuri kama watu wenye kwao.

Maji yameondoka. Tuliwafungulia Minya Safti kwa siku tuliyopatana, bila kirungu hata kimoja. Lakini shamba la baba, nikuambieje, limekuwa tambarare. Hakuna tuta la kaburi hata moja, ardhi imelala nyeusi na laini, na unyasi niliopachika umekwenda na mto. Nimetembea upande wa mashariki wote nikipapasa kwa miguu. Sikumpata. Wewe hujui alipolala Harithi, na mimi sijui alipolala baba. Sasa tuko sawa, mdogo wangu, na sikutaka tuwe sawa hivi.

Watu waliniambia nisilipande. Lakini unajua sheria, shamba lisilopandwa linarudi kwa amiri, na sitaki mgeni aligawe. Basi nimelipanda ngano, mimi mwenyewe. Nilivua viatu ukingoni nikaingia, nikawa narusha mbegu huku nawataja majina wote ninaowakumbuka: baba, na mke wa Jirjisi, na wana wa Bi Taji, na wanafunzi. Nilipofika upande wa mashariki nikawataja Warda na Harithi, kwa kuwa hawana pengine pa kutajiwa. Na yule kondoo wa udongo nimemwacha mle, pamoja na mkia wake uliovunjika. Mbegu nimezifukia kwa jembe lako. Ni zuri, zito kidogo kwa mkono wangu.

Imeota. Imefika kifundo cha mguu, kijani chake kimepita mashamba yote. Sijui ni nani atakayeweza kuila. Nadhani tutaila, tutalia kwanza, kisha tutaila.

Itaiva Muharram, tuseme Mfunguo Nne, mwezi ule nilioanza kukuandikia. Mundu ziko nyingi, wavunaji hakuna. Sikuiti kwa desturi wala kwa fungu la ardhi. Usiniulize tena baba yuko wapi. Wewe uje tu, uvue viatu ukingoni. Jembe lako nimeliweka nyuma ya mlango, nami usiku siufungi.

Dada yako, Sitita.